Vidonge Visivyo na Chupa

Saa 5:40 asubuhi. Gereji, chumba cha nyuma.

Kamanda alichora ghala la dawa kwa chaki sakafuni. Mlango. Kufuli. Kiti cha mtunza stoo.

"Fundi, kufuli lako. Dereva, usizime injini. Vidonge tunabeba, chupa tunaacha. Chupa ina namba, na namba inachongea."

Ndivyo walivyofanya kazi miaka tisa bila kuonja jela.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kamanda alikuwa kaka yake, tumbo moja. Lakini safari hii Fundi alimfuata kwa ajili ya mkewe. Mwili wa mkewe uliuamuru uboho utengeneze damu bila kukoma. Damu ilikuwa nzito, wengu umevimba, kuinama hawezi. Kipo kidonge kinachoizima amri hiyo. Chake kiliisha juzi, na hospitali ikamwambia asubiri. Kamanda aliahidi mgao wa miezi sita.

Saa 6:52 mchana. Ghalani.

Kufuli halikusumbua. Mtunza stoo, mama wa miwani, alifungwa kitini kwa kamba. Kamanda alimimina chupa ya kwanza, ya kumi, ya arobaini, zote kwenye kiroba kimoja.

"Msichanganye!" mama alipiga kelele. "Hizo zinazuia damu, hizo zinaiongeza!"

"Funga domo."

Saa 7:30. Gereji.

Fundi alichota mgao wake. Vyote vyeupe, vyote vya mviringo. Vingine vina mstari katikati, vingine havina. Akavigeuza kiganjani.

"Kaka, kipi ni kipi?"

Kamanda alicheka. "Mpe nusu kwa nusu. Shemeji atapona nusu."

Dereva naye akaangua kicheko. Fundi aliwachukia wote wawili.

Saa 8:05. Ghalani tena.

Askari walijaa mlangoni. Mama alikuwa amefunguliwa, anakunywa maji. Fundi, aliyerudi peke yake, alimwendea kiganja wazi, vidonge viwili juu yake.

"Mama, nakuomba. Mke wangu damu imezidi. Kipi kinazuia?"

"Wenzako wako wapi?" mama aliuliza kwanza.

Fundi alivitazama vidonge. Akawataja. Gereji, mlango wa nyuma, bastola chini ya matairi.

"Na mkubwa wenu ni nani?"

"Kaka yangu."

Mama akagusa chenye mstari. "Hiki."

Fundi akakifumbata. Afisa akamfumbua ngumi, kidole kimoja kimoja, akakitia kidonge kwenye bahasha.

"Kielelezo," alisema. "Hakiguswi mpaka kesi iishe."