Kiti cha Dereva

Fundi saa wa mtaa wetu alikuwa mtu wa Jumamosi. Siku nyingine zote alikuwa mtumwa wa saa za watu. Jumamosi, akishakula cha mchana, aligeukia magari yake. Si ya kuendesha. Ni yale ya plastiki yanayokuja vipande vipande sandukuni, ukayaunganisha mwenyewe kwa gundi na subira mpaka gari zima likatua kiganjani. Alikuwa nayo arobaini na mawili, yamejaza rafu za sebuleni kwa mama yake, na ole wako uyaguse na kitambaa cha vumbi.

Mwenzake katika ugonjwa huo alikuwa mchora mabango aliyeitwa Brashi, mtu mfupi kama kisiki, mcheshi, mwenye mkono usiotetemeka. Fundi aliunganisha, Brashi akapaka rangi. Chanda na pete tangu utoto. Zamani walikuwa watatu, pamoja na kaka yake fundi, jamaa mrefu waliyemwita Ngongoti, aliyelazimika kujikunja mara mbili kuingia hata kwenye gari lake mwenyewe.

Ngongoti alikufa miaka kumi na moja iliyopita. Gari lilipinduka kwenye kona ya machimbo ya mawe. Alikutwa peke yake nyuma ya usukani, nguo zinanuka pombe, magoti yamevunjika. Mwezi mmoja kabla alikuwa amemwapia mama yake kwamba ameacha kunywa.

Mama alizika, kisha akafunga mdomo. Hakulitaja tena jina la mwanawe. Kaburini hakutia mguu. "Aliniapia," ndilo neno pekee alilosema. Na aliyembembeleza siku zile, aliyebeba jeneza upande wa mbele, aliyekuja kila Jumamosi akamwita mama, alikuwa Brashi.

Ndipo kiwanda kikatoa upya kigari kile.

Wenye mapenzi na mambo haya wanaijua furaha yake. Kalibu za zamani za kumiminia plastiki hufukuliwa ghalani, zikasafishwa, na kigari ulichokiona mara ya mwisho ukiwa mtoto kinarudi dukani kama hakijawahi kuondoka. Hiki ndicho fundi na kaka yake walichounganisha kwanza kabisa, vidole vimegandana kwa gundi. Ngongoti alikipenda hadi alipokuwa mtu mzima akanunua gari lenyewe, aina ile ile, buluu ile ile. Ndilo lililomuua. Fundi alinunua masanduku mawili: moja lake, la pili amshtukize Brashi.

Safari hii hakungoja Jumamosi, alianza Jumatatu. Vipande vilikuwa safi, vinatoka kwenye fremu bila hata kuhitaji msasa. Akabandika sakafu, akabandika usukani, akabandika viti, kila kimoja kwenye tundu lake. Akaenda kunywa chai. Aliporudi, kiti cha dereva kilikuwa kimesogea mbele, kimegusa usukani.

Akacheka. Uzee huo, mkono umeteleza. Akakibandua, akakirudisha tunduni, akakishikilia mpaka gundi ikakauka. Akatoka kumfungulia mama dirisha. Kurudi, kiti kiko mbele.

Hakikuacha alama ya gundi iliyovutika. Ni kama kilizaliwa pale.

Alifungua sanduku la pili, akachukua kiti kingine. Siku ya pili yake, hali ile ile. Fundi aliinama akakitazama kwa lenzi ya saa. Nafasi iliyobaki kati ya kiti na usukani isingepitisha magoti ya mtu wa kawaida, seuze ya Ngongoti. Hapo akakumbuka gari lenyewe, lilivyolala uani kwa fundi magari baada ya mazishi. Yeye ndiye aliyekwenda kutoa vitu vya marehemu. Kiti cha dereva kilikuwa mbele kabisa. Alijiambia ajali ndiyo iliyokisukuma.

Hakikuwa kimesukumwa. Kilikuwa kimefungwa kwenye meno ya reli yake, sawasawa, kama anavyokifunga mtu mwenye miguu mifupi.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Fundi aliifukuza fikra hiyo, akaona haya kuifikiria. Mtu aliyelala msibani siku saba!

Ijumaa alibandika vioo na paa. Jumamosi asubuhi, jua likimulika mezani, kioo cha upande wa abiria kilikuwa na ukungu. Akaufuta kwa kidole. Haukufutika.

Ulikuwa kwa ndani.

Ukapungua. Ukarudi. Ukapungua. Ukarudi. Fundi saa hafundishwi kuhesabu mapigo. Ilikuwa pumzi. Ya mtu anayepumua kwa shida.

Saa tisa alasiri Brashi aliingia na makopo yake ya rangi, anapiga mluzi. "Hodi wenyewe! Leo tunaua rangi gani?" Kutoka chumba cha pili, mama, aliyekuwa akikunja nguo, akamwitikia karibu.

Fundi alikisogeza kigari mbele ya Brashi.

Mluzi ulikatika. Brashi alikitazama kiti. Akatazama kioo. Ukungu ukaja, ukaenda. Kopo moja likamponyoka, buluu ikasambaa sakafuni, wala hakuinama.

"Bado anapumua," akanong'ona.

Fundi hakuwa amemtaja mtu. "Nani?"

Brashi hakubandua macho kiooni.

"Nani, Brashi?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nimekunywa." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayesema na ukuta. "Yeye hakugusa hata tone. Alinifuata baa anirudishe nyumbani. Nikamng'ang'aniza anipe usukani. Nikamwambia, kaka, mpaka pale konani tu."

"Halafu?"

"Gari lilipotulia alikuwa ananiita. Nikamvutia upande wangu. Miguu haikuingia." Akaitazama mikono yake. "Nikaisukuma. Nikammwagia pombe iliyobaki chupani."

"Alikuwa hai?"

"Alinishika dole gumba. Nikalichomoa."

Fundi aliinua macho kwenye rafu. Arobaini na mawili. Kila bodi, kila mlango, kila taa, rangi yake imepakwa na mkono ule. Jumamosi baada ya Jumamosi mkono ule umepokea sahani kwa mama yake, umempangusa mama yake machozi.

"Ungeita mtu," alisema hatimaye. "Ungemwita hata mpita njia, Brashi. Kisha ungekimbia."

"Alikuwa ameacha?"

Waligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, shuka mkononi, nusu imekunjwa.

"Mwanangu. Pombe. Alikuwa ameacha kweli?"

"Alikuwa ameacha, mama."

"Usiniite mama."

Brashi alikikwapua kigari. Labda alitaka kukiponda, labda kukitupa dirishani, hakuna ajuaye. Dole gumba lake lilipasua kioo cha abiria, likazama ndani. Akapiga yowe. Akautikisa mkono kama aliyeumwa na kitu, akaupiga ukutani, mara mbili, mara tatu, mpaka plastiki ikasambaratika. Ndani hamkuwa na kitu. Viti viwili tu, na usukani.

Alitoka mbio, nyayo za buluu zikimfuata mpaka barabarani. Jioni hiyo hiyo alijipeleka polisi mwenyewe, akaeleza yote bila kuulizwa.

Jumapili mama alikwenda kaburini. Alikaa chini kwenye majani, akalitaja jina la mwanawe mara nyingi, taratibu, kama anajifunza upya kulitamka. "Nisamehe baba," alisema. Fundi alisimama mbali, asijue pa kuweka mikono. Amempata kaka, amempoteza ndugu. Na msiba huu wa pili hauna matanga.

Wiki iliyofuata aliitwa kituoni kuandika maelezo. Brashi aliletwa. Alikuwa amekonda, hajalala. Hakuomba radhi. Alipitisha mkono juu ya kaunta, dole gumba limesimama.

"Mwambie aniachie," alinong'ona. "Wewe ni mdogo wake. Atakusikia."

Askari akaguna. "Daktari kasema ni vioo vimemkata."

Fundi alitoa lenzi yake mfukoni, akainama. Palikuwa na alama tano. Nne upande mmoja, moja upande wa pili, kila moja ndogo kama ufuta. Hazikuwa na damu wala kovu. Ngozi ilikuwa imebonyea tu, nyeupe, kama inavyokuwa nyama iliyobanwa.

Akiwa bado anatazama, zile tano zilizama ndani zaidi. Zikalegea kidogo. Zikashika tena.