Damu ya Mama Mdogo

Mama alikuwa fundi wa nguo. Mdomo wake ulikimbia kuliko cherehani. Lakini asubuhi hiyo vyote viwili vilinyamaza, maana binti yake aliingia macho mekundu.

Binti huyo alikuwa mtafiti chuo kikuu. Miaka yote, kazi yake virusi tu!

"Mama, nimekwisha. Wiki ijayo natetea utafiti wangu wa shahada ya udaktari mbele ya maprofesa, na kuna damu moja imenivuruga."

"Damu gani tena?"

"Ya mtu aliyeugua surua. Mwili ukishapigana na virusi, unabaki na kingamwili. Ni kama walinzi. Virusi vikirudi, vinakamatwa mlangoni. Kipimo cha kwanza, walinzi tele. Cha pili, hakuna hata mmoja! Na simjui, naona namba tu."

Mama akapaliwa na chai. Aliugua surua mwaka jana, akakubali kupimwa damu mara mbili kwa ajili ya utafiti huo. Lakini sindano ya hospitali, anaiogopa hatari!

"Mwanangu... ni mimi huyo. Mara ya pili nilimtuma mama yako mdogo."

"Mamaaa!"

"Si tumetoka tumbo moja? Nikajua damu ni ile ile."

Binti akashika kichwa. Halafu akacheka mpaka akakaa chini.

"Nguo mnaweza kuazimana, mama. Kingamwili hapana! Kila mwili unatengeneza zake, ukiugua au ukichanjwa."

Mama akashtuka. "Kumbe mdogo wangu yuko hivi hivi, bila mlinzi?"

"Ndiyo. Na surua bado inazunguka mtaani."

Siku hiyo hiyo wakaenda kliniki wote watatu. Mama mdogo akachanjwa bila kupepesa macho. Zamu ya mama kutolewa damu ilipofika, akageukia ukutani.

"Dada, usinitegemee mimi," mama mdogo akamtania. "Leo kila mtu na mkono wake!"

Majibu yakatoka. Damu ya mama ilikuwa imejaa walinzi!

Wiki iliyofuata, ukumbi ulijaa, mama na mama mdogo wakiwa viti vya mbele. Profesa mkali akauliza, "Hii damu iliyobadilishwa, ulifanyaje?"

"Niliiondoa kwenye utafiti, nikaeleza kosa, nikapima upya," binti akajibu. "Na sasa kabla ya kutoa damu, kila mtu anaelezwa kwa nini lazima iwe yake."

Maprofesa wakanong'ona. Wakasimama.

"Hongera, Daktari!"

Mama akaruka juu na kigelegele. "Namba ile ni mimi! Ni mimi!"

Mama mdogo akamvuta gauni. "Kaa chini, wewe! Namba ni siri!"

"Siri yangu mwenyewe! Acha niitangaze!"