Nilivyoitikia Badala ya Vedasto

Siku ile ilikuwa ya kawaida hapa Mtendeni. Nilikuwa uani nikianika karanga, ndipo mpwa wangu Vedasto, askari wa zimamoto na uokoaji, alipoingia akiwa bado na sare. Aliniamkia, akaketi, akaomba maji. Kabla hajanywa, akasema kwa sauti kubwa, "Nipo!"

Hakuna aliyemwita.

Wiki mbili kabla, aliteremshwa kwa kamba katika kisima cha Kwihara, alimotumbukia mama mmoja aitwaye Dafrosa. Alimkuta hai. Kamba ya pili ilichelewa, naye akamkumbatia gizani akimwuliza kila mara, kama wafanyavyo waokoaji, "Upo?" Naye mama alikuwa akijibu, "Nipo." Walikaa hivyo saa nzima. Kisha mama hakujibu tena.

Katika ukoo wetu, aliyeopoa maiti huogeshwa, na ndugu hukaa naye siku saba asibaki peke yake. Vedasto alirudishwa zamuni jioni ileile.

"Sasa ananiuliza yeye, mjomba," alininong'oneza. "Nisipoitikia, anasogea."

Nilimsindikiza kwa mkuu wake, Emilian, kuomba likizo yenye malipo, kwa kuwa mkewe na watoto walimtegemea, pamoja na mtaalamu wa kumsikiliza.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Emilian, akimgeuza Vedasto bega kama anayekagua mbuzi mnadani. "Sasa huyu amevunjika wapi? Mimi nimeopoa maiti kumi na mbili, na ugali naumaliza."

"Na usingizi?" nilimwuliza.

Alitusukumia karatasi tupu.

"Andikeni barua," alisema. "Lakini mpaka ijibiwe, kisima kikitokea, atashuka."

Tuliandika. Zikapita siku tisa, naye akikaa kwangu. Kila honi ya gari ilipolia barabarani, Vedasto alishika ukuta.

Siku ya kumi, saa nane mchana, alisinzia kitini. Nilimshukuru Mungu. Ndipo nikaisikia sauti ya mwanamke, kutoka upande wa jikoni.

"Upo?"

Vedasto alitikisika.

"Upo?"

Sasa ilikuwa chini ya kiti chake. Sikutaka aamke. Niliinama hadi sakafuni. Nikanong'ona.

"Nipo."

Sauti haikuuliza tena. Mpwa wangu akalala mpaka asubuhi.

Ruhusa ilitoka Ijumaa: siku ishirini na nane, mshahara ukiendelea, na Sista Benigna wa hospitalini kuwa mshauri wake. Vedasto alizungumza naye, akalia, akaanza kula. Sasa yuko Urambo kwa mkewe, na hasikii chochote. Anaamini likizo na yule sista ndio waliomponya. Nami naamini hivyo, ila usingizi ulimrudia siku tatu kabla ya ruhusa.

Nimebaki na nyumba. Sauti huja adhuhuri, majirani wakiwa sokoni. Naitikia. Kwangu mimi hakuna ofisi ya kupelekea barua, wala sithubutu kumwita Vedasto arudi.

Juzi jirani yangu Asmahani aliniletea uji. Aliliweka bakuli chini, akanyooshea kidole mstari wa tope uliopenya shati langu.

"Babu," alinong'ona, "nani amekufunga?"

Nilivua shati. Kifua changu kilizungukwa na alama ya kamba, mbichi, yenye tope jeusi. Juu ya alama hapakuwa na michubuko. Ngozi yote ilikuwa imeburutwa kuelekea chini, kama ya mtu anayevutwa kisimani.