Sauti Iliyoahidiwa Kondoa

Shamila aliingia karakana moja ya Kizota, Dodoma, na stendi ya maikrofoni iliyovunjika mguu, gauni lake la kitenge cha bluu limejaa vumbi. Mashine zilikuwa zikipiga kelele kila upande. Faridi, fundi wa kuchomelea, alimwomba asubiri. Akasubiri, huku akiimba chinichini wimbo wa kusagia mtama wa bibi zake wa Kondoa, akiuvuta kwa mahadhi ya jazi. Faridi akazima mashine.

"Usije ukailipua kazi yangu, fundi."

"Wewe endelea tu kuimba, dada. Mashine itangoja."

Kila Jumapili jioni Shamila aliimba kwenye ukumbi mmoja wa Nkuhungu, saksafoni ikimfuata nyuma, na watu walioingia wakicheka walitoka kimya. Faridi hakukosa tena. Simu za mchana zikawa ndefu, za umekula mpenzi na nimekukumbuka. Mapenzi yalimkamata vibaya, akamtuma mjomba wake, Mzee Hasani, apeleke posa Kondoa.

Mjomba aliporudi, Faridi akaacha kupokea simu. Shamila aliamini baba yake amekataa, akaimba kwa uchungu mpaka mpiga saksafoni akamwonea huruma. Kumbe posa ilikubaliwa. Jumapili iliyofuata Faridi alifika mapema, kanzu mpya, akinukia manukato, akamwambia. Shamila alimkumbatia mbele ya wahudumu huku machozi yakimtoka.

"Baba alikubali hivihivi tu?"

Faridi akainama. Akaeleza kwamba mzee hakutaka binti yake aolewe akiwa bado anaimba ukumbini, na mjomba alipopiga simu kuuliza, yeye akajibu sawa, ataacha; tangu hapo akaona aibu kupokea simu zake.

"Ulisema nitaacha? Bila kuniuliza?"

"Niliogopa kukukosa, Shamila."

"Ulinipenda nikiimba, Faridi. Sasa ulitaka kumwoa nani?"

Faridi alimpenda kweli, hilo halina ubishi, na ndiyo maana kisa hiki kinaniuma. Alisema atampigia mzee simu sasa hivi, atalifuta neno lake. Shamila akamshika mkono uliokuwa ukitafuta simu.

"Acha, mpenzi. Ulipoulizwa, hukunitetea. Kila nikiimba nitakumbuka hilo."

Akapanda jukwaani akaimba, na sauti yake haikuwahi kuwa nzito vile. Alipomaliza, ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi, na Faridi akasimama nao, kama mteja mwingine yeyote.