Wageni wa Komini Wakuta Ua Mtupu

Asubuhi, ua wa Mama Bernadette, katika Kasuku, komini moja ya mji yenye utawala wake, huwa na kelele. Mashini za kushona zinapiga. Wasichana na wavulana wanacheka na kugombania mkasi. Mama Bernadette anatwanga sombe, majani ya muhogo, pembeni, huku akiwakemea wote.

Mwalimu wao ni Joëlle, binti yake. Anawafundisha vijana wa mtaa kushona. Baadhi yao walikuwa wanachimba madini Kalima, wakarudi bila kitu.

Shida yao ilikuwa mvua. Ua haukuwa na paa. Mvua ikinyesha, kazi inasimama.

"Dada Joëlle, mvua ikianza, mimi narudi Kalima," alisema Cédric, kijana mmoja wa kikundi. "Huko paa ni udongo wa shimo, lakini angalau kuna kazi."

"Udongo huo unaanguka, Cédric. Unajua."

"Najua. Lakini hapa nitakula nini?"

Ndipo komini ikatangaza ruzuku, yaani feza ya kusaidia kazi za vijana. Joëlle aliomba ruzuku hiyo ili wajenge paa. Wakubwa wa komini wakasema watakuja kuona kikundi.

Siku ilipofika, Joëlle alikwenda kuwapokea wageni. Aliporudi na Bwana Godefroid, mkubwa wa komini, na wenzake, alishangaa. Ua ulikuwa kimya. Hapakuwa na mashini hata moja. Vijana walikaa chini, wamevaa nguo zilizochanika. Mama Bernadette alikuwa ameshika shavu.

"Karibuni, wakubwa," alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Sisi hatuna kitu. Hata sindano."

Cédric aliinama asicheke.

"Joëlle, uliandika kwamba munashona," alisema Bwana Godefroid. "Kazi iko wapi?"

Joëlle alifungua mdomo. Lakini atamwitaje mama yake mwongo mbele ya wageni?

"Kesho tunakaa kuchagua vikundi," alisema Bwana Godefroid. Wakaondoka.

"Mama, mashini ziko wapi?"

"Nyuma ya nyumba, katikati ya muhogo. Nimezifunika na bashi, ile turubai ya mvua."

"Kwa nini?"

"Wewe ulikuwa mutoto mudogo. Wakati ya vita, wenye bunduki walipita nyumba kwa nyumba. Ukionyesha mashini, wanabeba. Kisha watu wa misaada wakakuja na unga na bashi. Walimupa nani? Mwenye hana kitu! Ndio vile nilijifunza."

Joëlle alitaka kugombana. Lakini aliona mikono ya mama yake. Ilikuwa bado na udongo wa shamba la muhogo. Akaenda kumletea maji ya kunawa.

Jirani yao, Papa Ismaël, alikuwa amesikia yote. Kikundi chake cha mpira kilipata ruzuku mwaka uliopita. Aliingia uani akitikisa kichwa.

"Mama Bernadette, leo umewapakulia wageni sombe bila mawese!"

"Niache, Ismaël. Wakiona mashini, watasema tuko matajiri."

"Hapana, watasema muko tayari. Ule wa vita ulikuwa msaada wa kuokoa roho. Hii ni feza ya komini, ni ya sisi wote. Hata kodi yako ya soko iko ndani. Komini haitafuti nani analia sana. Inataka kazi yenye kusimama imara, ili feza isipotee. Itauliza: vijana ni nani? Kuna wasichana? Ninyi wenyewe mumeleta nini? Na mukisha kupewa, mutaonyesha watu kile mulinunua?"

"Sasa tufanye nini, Papa Ismaël?" aliuliza Joëlle.

"Muende leo. Museme ukweli kabla hawajakaa kuchagua."

Mama Bernadette alisimama. "Mimi ndio nitasema. Cédric, leta kinga yako!"

Walifunga mashini moja juu ya kinga, baiskeli ya Cédric, wakaenda hadi ofisi ya komini. Vijana walivaa nguo walizoshona wenyewe. Mbele ya mlango Joëlle akaanza kushona mfuko wa shati. Bwana Godefroid akatoka nje kutazama. Mama Bernadette akamweleza alichoficha na kwa nini.

Kesho yake asubuhi, wageni walirudi kabla ya kuchagua vikundi. Safari hii walikuta kelele. Waliuliza maswali mengi, na vijana wakajibu wenyewe.

Kikundi kilichaguliwa. Paa lilisimama kabla ya mvua. Joëlle aliwaita majirani, akawaonyesha mabati na mbao zilizonunuliwa. Mvua ya kwanza ilipopiga mabati, Cédric alikuwa chini yake, anashona suruali.

Siku hiyo Bwana Godefroid alikuwapo.

"Mama, ulitudanganya mchana kweupe," alisema akicheka. "Omba basi samahani mbele ya watu."

Majirani walicheka. Mama Bernadette hakucheka.

"Mashini yetu ya kwanza iko hapa kwa sababu niliificha wakati ya vita. Ningeionyesha, watoto hawa wangejifunza na nini? Leo nimefungua mulango, muingie mutazame. Lakini samahani? Hapana. Siombi."