Maneno Aliyoyaruka Christelle

Christelle hakuwa na chumba cha peke yake. Hakuwa na simu yenye kamera, hakuwa na viatu vya kutelezea barafuni, wala hakuwa na bibi wa kumtembelea siku za Jumapili kama wenzake wa darasani. Bibi yake alikuwa mbali, Bukavu, na macho yake yalikuwa yakififia. Lakini Kiswidi alikuwa nacho tele. Daktari wa meno, mwalimu, fundi wa lifti, wote walizungumza na wazazi wake kupitia kinywa chake, naye alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Ijumaa moja alasiri, baba yake, mzee Gédéon, msafisha mabehewa ya treni, alivaa suti yake ya kanisani wakaenda benki pale Jakobsberg. Walikuwa wamehama mtaa wa Tensta na kununua nyumba kwa mkopo, na sasa alikuwa na akiba ya krona elfu sitini. Alitaka kuuliza aitumieje.

Ndani ya benki, Gédéon alimpa mkono kila mtu aliyekuwa kwenye foleni, kama afanyavyo kanisani. Watu walishtuka. Nje ya kioo, rafiki wa Christelle, Gladness, alikuwa akimsubiri pamoja na wasichana wawili waende kuogelea. Wote walikuwa wakicheka. Christelle alitamani sakafu impasukie.

Mhudumu wa benki, Bi. Ekström, alieleza polepole. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, akiba ibaki kwenye akaunti iliyofungamanishwa na mkopo: riba ingehesabiwa kwa deni lililobaki baada ya kutoa akiba hiyo, na Gédéon angeweza kuchukua pesa zake siku yoyote. Ya pili, azilipe zote kwenye mkopo: deni lingepungua kabisa na riba ingekuwa nafuu kidogo, lakini pesa hizo hazingerudi.

Gladness aligonga kioo, akaonyesha saa.

"Anasema ulipe zote, deni lipungue," Christelle alisema. "Weka saini hapa, Papa."

"Maneno yote yale, ni hayo tu?"

"Ndiyo, Papa. Waswidi wanapenda sana kuongea."

Gédéon akatia saini.

Jumapili, wakiwa mezani wakila ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, simu ikalia. Mama yake, Olive, aliipokea, akasikiliza, kisha akapiga vigelegele. "Hospitali imekubali! Bibi atapasuliwa macho mwezi ujao. Wanataka malipo kwanza."

"Pesa zipo," alisema Gédéon. "Kesho nitatoa kidogo kwenye ile akiba."

Christelle akalirudisha tonge kwenye sahani. Asubuhi, njiani kwenda shule, alimweleza Gladness.

"Wewe nyamaza," alisema Gladness. "Sema benki ndio waliokosea. Nani atajua?"

Siku nzima Christelle alijaribu kuliamini neno hilo. Lakini aliporudi alimkuta baba yake mlangoni, kavaa suti ileile, ameinama anapiga viatu rangi. Alikuwa akiimba.

"Papa, usiende," alisema, machozi yakimtoka. "Pesa haziwezi kutoka. Yule mama alieleza njia mbili. Mimi nilikwambia moja. Nilikuwa... nilikuonea haya, Papa. Nilitaka tuondoke."

Gédéon aliacha kuimba. Akaiweka brashi chini.

"Waswidi hata kwenye lifti hawaongei," alisema. "Nilijua kuna kitu. Vaa koti, twende. Utamwambia mwenyewe, na mara hii usiruke neno."

Kumweleza Bi. Ekström kosa lake kwa Kiswidi chake kizuri kulimchoma Christelle kuliko kichapo. Kisha akageuka, akamtafsiria baba yake jibu lote, neno kwa neno: pesa zilikuwa bado hazijahamishwa, kwa kuwa malipo hufanyika mwisho wa mwezi. Mteja akiandika barua, akaitia saini na kuituma kwa posta kwenye ofisi kuu, benki ingefuta agizo na kuiacha akiba kwenye akaunti ya njia ya kwanza. Na mara nyingine, alisema Bi. Ekström, waombe mkalimani mtu mzima.

Nyumbani, Christelle aliandika barua. Baba yake alimtaka aisome yote kwa Kiswahili ndipo atie saini.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kunionea haya si kitu, mimi nimezoea kuchekwa. Lakini nilikuazima masikio yangu. Mtu anayesema kwa niaba ya mwenzake hana ruhusa ya kupunguza wala kuongeza. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Papa. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lamba gundi ya bahasha."

Christelle aliifunga bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Wakateremka pamoja hadi kwenye sanduku la posta la manjano karibu na stesheni. Gladness alikuwa akipita na wenzake. Gédéon akawapa mkono wote, mmoja mmoja, na Christelle akasimama kando yake bila kuinamisha kichwa. Kisha akaitumbukiza barua.