Sabuni ya Bi Rayna

Katika nyumba ya Kamen, ghorofa ya tatu, kila mtu alikuwa na kazi yake. Kamen aliendesha lori la maziwa, akaondoka alfajiri. Mkewe Ralitsa alikuwa mpishi wa shule ya chekechea, na koti lake jeupe lilikuwa kama ngozi yake ya pili. Na Bi Rayna, mama yake Kamen, alifua nguo.

Kazi hiyo hakupewa, aliichukua mwenyewe. Alikuja mjini vuli iliyopita baada ya kumzika mumewe. Kijijini walibaki wazee wachache, na theluji ikianguka hata gari la mkate halipandi huko mlimani. Kamen alimsihi mama yake mpaka akakubali kuhama. Lakini mtu aliyelima na kukamua mbuzi maisha yake yote hawezi kuketi kutwa kama mgeni. Jikoni kulikuwa na mwenyewe, Ralitsa. Sokoni hakumjua mtu. Basi akaiona mashine ya kufulia bafuni, kando ya sinki, akasema, "Hii niachieni mimi."

Aliipenda mashine ile kama alivyompenda mbuzi wake. Unaijaza, inatafuna, haina maneno. Kila ilipozunguka, Bi Rayna aliketi mbele yake kwenye kigoda na kusikia kwamba naye bado ana faida nyumbani.

Shida ilikuwa chakula alichoilisha. Alikuja kutoka kijijini na gunia la sabuni aliyoipika kwa mikono yake. Kila mwaka, nguruwe wa Krismasi akishachinjwa, mafuta yasiyolika huchemshwa pamoja na magadi makali, yakaganda, yakakatwa vipande na kukaushwa darini. Kwa sabuni hiyo Bi Rayna alifua mtoni na kwenye beseni tangu usichana, na shuka zake zilisifiwa kijiji kizima. Sabuni ya unga ya dukani hakuiamini hata kidogo. Aliiita vumbi lenye marashi.

Kwa hiyo alikuwa akikwangua kipande kizima cha sabuni yake kwa kikwangulio, akakimwaga ndani ya mashine, akajaza nguo mpaka juu, akazisukuma kwa goti na kufunga mlango. Ralitsa alimwambia mara mbili tatu kwamba unga upo kabatini. Bi Rayna alimjibu kwamba unga ule abaki nao, labda atapikia keki.

Mwezi haukupita, taulo zikaanza kunuka kama mbwa aliyenyeshewa. Bi Rayna akaona sabuni ni chache. Akaongeza.

Krismasi ikafika, na baada yake zikaja Siku Chafu, zile siku za kati ya Krismasi na sikukuu ya Ubatizo. Mwanamke aliyelelewa vizuri hafui nguo siku hizo, maana anayefua huiita balaa iingie nyumbani. Bi Rayna alifua mara ya mwisho mkesha wa Krismasi. Kisha akaufunga mlango wa mashine ungali umelowa ndani, akaufunga kweli kweli, na juu akafunga kitambaa chake cha kichwa ili Ralitsa asije akasahau mwiko na kufua. Mashine ikakaa kimya, giza na unyevu tumboni.

Siku ya Mwaka Mpya Ralitsa alioka banitsa, mkate wa jibini wenye sarafu iliyofichwa ndani; anayeipata hupata bahati mwaka mzima. Sarafu ikamwangukia Bi Rayna. Kamen akamkumbatia na kumwambia mwaka huu ni wake. Bi kizee akaitia sarafu mfukoni mwa aproni, na siku kadhaa alikuwa akiipapasa huku akitabasamu peke yake.

Ubatizo ulipopita, akafungua mashine. Harufu iliyotoka ilimrudisha nyuma hatua moja. Hata hivyo akaingiza nguo zote za sikukuu kwa mkupuo mmoja, na aproni yake humo humo, na sabuni maradufu. Zilipotoka, alipapasa mfuko wa aproni. Sarafu haikuwepo.

Siku ya pili yake Ralitsa alirudi kutoka kazini akiwa na macho mekundu. Alivua koti lake jeupe, akalishika kwa ncha za vidole.

"Mama, leo mkuu wa shule amenivuta pembeni. Watoto wamekataa kukaa karibu na mimi mezani. Wanasema shangazi mpishi ananuka."

Bi Rayna alinyosha mkono kulichukua lile koti.

"Naomba usiiguse tena mashine. Nguo nitafua mwenyewe."

Aliyasema kwa sauti ya chini na ya adabu, na hapo ndipo yalipouma. Mtu akikufokea utamfokea. Akikuomba, utamjibu nini? Bi Rayna aliingia chumbani mwake, akatoa begi alilokuja nalo. Kazi moja tu alikuwa nayo katika nyumba hii, na sasa ameondolewa. Hata bahati ya mwaka imemkimbia. Alikunja nguo zake moja moja na kuzipanga begini. Chakula cha jioni kilipokuwa mezani akatangaza kwamba anarudi kijijini. Kamen alimkumbusha theluji, paa linalovuja, kuni zisizopasuliwa. Mama yake akasema paa lile analijua na lenyewe linamjua. Ralitsa alitazama sahani yake.

Lakini Bi Rayna hakutaka kuacha jina baya nyuma yake. Kesho yake, wenzake walipokwenda kazini, alilichukua lile koti jeupe ambalo Ralitsa hakuthubutu kulivaa tena, akaliingiza katika mashine pamoja na shuka na mapazia, akakwangua vipande vitatu vya sabuni. Alitaka liwe jeupe na safi, ili Ralitsa akilivaa amkumbuke kwa wema.

Mashine ilianza kuzunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Maji yalijaa hadi nusu ya kioo na hayakutoka. Povu likasukuma kidroo cha sabuni, likashuka sakafuni. Bi Rayna alikuwa amepiga magoti na kitambaa mkononi aliposikia mlango ukigongwa kwa ngumi.

Alikuwa Pavlina wa ghorofa ya chini yao, mjane mnene mwenye sauti ya tarumbeta. Kwa miaka mingi alisimamia chumba cha kufulia cha hoteli moja ya chemchemi za maji moto. Nywele zake zilikuwa zimelowa upande mmoja.

"Dada Rayna, Ubatizo umeshapita," alisema. "Mbona unanibatiza tena mimi, na kahawa yangu mkononi?"

Bi Rayna alitaka kuomba radhi, badala yake akalia. Pavlina akamkalisha kwenye kigoda, akavua viatu, akakunja mikono ya sweta. Kwanza alichomoa plagi ukutani. Alimwambia mwenzake kwamba mashine yenye umeme haishikwi ndani, hata iwe imelala namna gani. Akagusa kioo kuhakikisha maji si ya moto. Kisha akapiga goti na kukibandua kijilango kidogo chini kabisa, pembeni ya mashine. Bi Rayna hakuwahi hata kukiona.

"Hapa ndipo lilipo chujio. Niletee sinia bapa na matambara."

Alifungua kifuniko cha chujio polepole, robo kwa robo. Maji yalitiririka katika sinia. Sinia lilipojaa alikaza, akamwaga, akalegeza tena. Maji yalipokwisha alilivuta chujio lote nje. Lilikuwa limevikwa utelezi wa kijivu, nywele na nyuzi. Ndani ya uchafu ule kulikuwa na kifungo, pini ya nywele, na sarafu.

Bi Rayna aliipokea kwa mikono miwili. Akaifuta kwa aproni.

"Nilidhani nyumba hii imenikataa," alisema.

"Haijakukataa. Hukukagua mfuko," Pavlina alijibu. "Siku nyingine papasa mifuko yote kabla hujafua. Sarafu ingeweza kuivunja pampu."

Saa hiyo Ralitsa akaingia. Siku za baridi chekechea hufungwa mapema. Alisimama mlangoni mwa bafu, akatazama povu, koti lake lililolowa na mama mkwe wake mwenye macho yaliyovimba. Alifungua mdomo. Pavlina akamwahi, akamkabidhi tambara, akamwambia akaushe sakafu huku akisikiliza.

Alizitoa nguo, akauvuta mpira mzito unaozunguka mlango wa mashine, akaingiza kidole katika mkunjo wake. Kidole kilitoka na ute mweusi. Harufu ikajaa bafuni.

"Hii ndiyo inayonuka kwenye nguo zenu," alisema. "Dada Rayna, sabuni yako ni nzuri, wala usiionee haya. Kwenye beseni unasugua, unasuuza, unamwaga, basi. Lakini ni mafuta yale, na maji ya mji huu yana chokaa. Vikikutana vinaganda. Humu kuna mabomba membamba ambayo mkono wako haufiki. Yanaziba. Halafu ukiufunga mlango na ndani kumelowa, kuvu inaota."

"Nilifunga kwa ajili ya Siku Chafu," Bi Rayna alisema kwa unyonge.

"Hata mimi sifui siku hizo, mama yangu asije akanijia ndotoni. Mila ishike. Ila kabla ya sikukuu fua, kausha mpira huu kwa kitambaa, acha mlango na kidroo wazi kidogo. Hakuna balaa inayopenda mahali pakavu."

Bi Rayna akacheka kidogo, puani. Akauliza nguo ziingie ngapi, maana yeye alijaza kama gunia la kabichi. Pavlina akamwonyesha. Nguo ziwekwe zikiwa zimelegea, na juu yake mkono upite bila kubanwa. Zikibanwa hazigeuki, na nguo isiyogeuka haitakati. Sabuni iwe ya unga ya mashine, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Povu jingi si usafi, ni sabuni iliyobaki kwenye nguo.

"Na chujio?" Ralitsa aliuliza kutoka sakafuni. "Linafunguliwa lini?"

"Kila mwezi. Wewe ulilifungua mara ya mwisho lini, binti?"

Ralitsa aliacha kupangusa. Uso ulimwiva.

"Sikujua kama lipo," alisema. "Mashine hii niliinunua mimi, kabla mama hajaja. Sijawahi kukifungua kijilango hicho hata siku moja."

Alisema akimtazama Bi Rayna, si Pavlina. Bi kizee akainamisha kichwa na kuigeuzageuza sarafu yake.

Walifanya kazi pamoja mpaka giza la jioni lilipoingia. Waliosha chujio kwa maji ya bomba na mswaki wa zamani, wakalikaza mahali pake. Walikitoa kidroo na kukisugua. Walifuta mpira mkunjo kwa mkunjo. Mwisho Pavlina aliagiza ule unga mchachu wa ndimu ambao akina mama hutia kwenye makopo ya matunda. Akamwaga vijiko kadhaa ndani ya mashine tupu, akaiwasha kwa maji ya moto, digrii sitini. Alionya kwamba unga huo usichanganywe kamwe na dawa ya madoa yenye klorini, maana hutoa hewa yenye sumu. Mashine ikazunguka, ikatema maji ya kijivu. Walirudia, mara hii bila kitu, na maji yakatoka meupe. Ndipo koti la Ralitsa likafuliwa. Lilipotoka, Ralitsa alizika uso ndani yake. Halikunuka chochote.

Kamen alirudi akafurahi, akadhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Bi Rayna alisema sasa wameshajua kutunza mashine, wataweza wenyewe, na basi la kijijini linaondoka asubuhi. Hakuwa na hasira. Ila neno "usiiguse" lilikuwa bado limemkwama kooni, na hakuna aliyelitoa.

Asubuhi aliamka na kulivuta begi. Lilikuwa jepesi. Alilifungua, akakuta halina kitu. Kutoka bafuni mashine ilikuwa ikinguruma.

Ralitsa alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine, mikono magotini, kama mtoto anayesubiri kuadhibiwa.

"Nguo zangu ziko wapi?" Bi Rayna aliuliza.

"Zimo humo, mama. Zote. Zimelowa. Huwezi kusafiri na gauni la kulalia."

Bi Rayna akashika kiuno.

"Mifuko umekagua?"

"Nimekagua."

"Mkono unapita juu?"

"Unapita. Na unga nimepima." Ralitsa alisimama, machozi yakimlenga. "Nilikuambia usiiguse. Nilikosea, mama. Niliona haya kazini, nikaja kuitua haya yangu juu yako. Usiende."

Bi kizee alikikaribia kioo. Nguo zake nyeusi za ujane zilikuwa zikipanda na kushuka. Kati yake kulikuwa na kitu chekundu.

"Sweta langu la sufu limo?"

"Limo."

"Digrii ngapi?"

"Sitini. Kwa sababu ya kuvu."

Bi Rayna alifumba macho. Mashine ikizunguka imejifunga, haifunguki. Wakaketi wote wawili, mmoja kwenye kigoda na mwingine kwenye ukingo wa beseni kubwa la kuogea, wakasubiri. Kamen, aliyeomba ruhusa kazini ili ampeleke mama yake kwenye basi, alikuja na funguo za gari mkononi, akawatazama, akazirudisha mfukoni kimya kimya.

Mlango ulipofunguka, Bi Rayna alilitoa sweta lake. Lilikuwa limejikunyata, limekuwa gumu, linamfaa mwanasesere. Ralitsa aliziba mdomo kwa mikono. Bi kizee alilinyanyua juu, akalipima kifuani pake, na kicheko kikamtoka tumboni mpaka akashikilia sinki.

"Sufu ni ya maji baridi, mkwe wangu, na mkono mwepesi," alisema alipopata pumzi. "Hayo hukuyajua. Nitawaachaje ninyi?"

Hakwenda. Sabuni yake ya gunia sasa inakaa kando ya sinki. Anasugulia kola na soksi, anazisuuza, ndipo zinaingia katika mashine na unga wa kupimwa. Mwanzo wa kila mwezi anachomoa plagi na kulifungua chujio. Watoto wa chekechea wanamkumbatia shangazi mpishi kiunoni. Na kila nguo zikishatoka, Bi Rayna anaufuta mpira, anauacha mlango wazi, na kwenye ukingo wake anatundika lile sweta dogo jekundu, ili usijifunge.